Hema Lisilo na Sakafu kwa Uwindaji wa Milimani: Lipi la Kununua Kwanza

Mzigo wa mwindaji wa milimani ni mzito mara mbili: akipanda na chakula cha siku kadhaa, na akishuka na nyama. Ndiyo maana wengi wameachana na hema lenye sakafu. Ukiwa na lisilo nayo unaingia na buti zako zenye matope, unatandika karatasi nyepesi ya plastiki pale unapolala tu, basi.

Nafasi ya kwanza naipa piramidi ya pembe nne, wala sisiti. Husimama kwa nguzo moja, na nguzo hiyo yaweza kuwa fimbo zako mbili za kutembelea zilizofungwa pamoja. Upepo ukigeuka usiku wa manane, haina ubavu mpana wa kuupokea. Ya watu wawili mara nyingi haifiki kilo moja bila vigingi. Kasoro yake ni kuta zilizolala: mtu mrefu hugusa kitambaa kwa miguu, na alfajiri kitambaa hicho kimelowa kwa mvuke wa pumzi zake mwenyewe. Kwa hiyo usiamini idadi ya watu iliyoandikwa kwenye mfuko. Iliyoandikwa ya wawili ni ya mtu mmoja na vifaa vyake.

Ya pili ni tipi, yaani hema la umbo la koni, yenye tundu la bomba la moshi, pamoja na jiko dogo la titani linalokunjwa likawa bapa. Msimu wa theluji, soksi zikikauka usiku huohuo, utaona thamani yake. Lakini jiko dogo hivyo hula vijiti bila kushiba, na juu ya mpaka wa miti hakuna kuni. Huko umebeba chuma cha bure. Usilale moto ukiwaka, na uache tundu la juu wazi: kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu.

Turubai bapa linashika mkia. Ni jepesi na la bei nafuu kuliko yote, ila linamtaka mtu anayejua kulifunga kwa namna tofauti kila upepo unapobadilika. Anayeanza asilijaribu kileleni.

Kuhusu kitambaa, nailoni iliyopakwa silikoni ni imara lakini ikilowa hulegea, nawe utatoka mvuani kukaza kamba. Poliesta ya aina hiyohiyo hailegei sana. Mimi ningechukua hiyo. Dyneema, kitambaa cha nyuzi imara za plastiki, ni nyepesi zaidi na hainyonyi maji, ila bei yake inauma na msuguano huichosha.

Vigingi vinavyokuja na hema mara nyingi ni vyembamba mno. Nunua vingine vya urefu wa sentimita 15 hadi 20, na kamba za ziada. Penye mwamba, funga kamba kwenye jiwe dogo kisha pandisha jiwe kubwa juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Kwenye theluji, fukia kigingi kikiwa kimelala, kanyagia, subiri theluji ishike.

Msimu wa mbu, ongeza chandarua cha ndani. Penye dubu, nyama isilale hemani wala karibu nalo.

Jambo la mwisho la kumuuliza muuzaji: mishono imezibwa? Mahema mengi ya silikoni huuzwa bila kuzibwa. Nunua gundi ya silikoni hapohapo, uipake nyumbani, na uiache ikauke kabla hujalikunja hema.