GP1800R, RXP-X au Ultra 310: nilivyochagua jetski ya kasi

Nianze na namba za jetski hizi, yaani pikipiki za majini, maana ndizo zinazowachanganya wengi. Sea-Doo RXP-X ya sasa, iliyotoka mwaka 2024, ina nguvu farasi 325. Kawasaki Ultra 310 ina 310, jina lenyewe linasema. Yamaha GP1800R SVHO, ambayo ndiyo niliyoinunua, wajuzi wanaikadiria 250 hivi. Ukisoma karatasi tu utaona nimechukua mnyonge wao, na marafiki zangu hawachoki kunikumbusha.

Sasa kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii mpaka umbane. Jetski hizi zikitoka kiwandani zimefungwa zisivuke takribani maili 67 kwa saa, yaani kama kilomita 108. Ni maelewano ya siku nyingi kati ya watengenezaji na walinzi wa pwani wa Marekani. Kwa hiyo maji yakiwa shwari na mafuta umeyaminya mpaka mwisho, ya 325 na ya 250 zinaonyesha karibu kasi ileile. Wale farasi wa ziada utawasikia wakati wa kuondoka na wakati wa kutoka kwenye kona. Basi. Kama unanunua ili uwe wa kwanza kufika ng'ambo, hela ya farasi 75 zaidi haikupeleki mbali.

Nilipata bahati ya kuziendesha zote tatu kabla sijatoa pesa, na namshauri kila mtu afanye hivyo hata kama ni kwa kuazima.

RXP-X ni chombo cha kona, hilo halina ubishi. Injini yake ya Rotax 1630 ina silinda tatu tu na supachaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), lakini kinachokukamata ni kiti. Kimechimbwa kama tandiko, mapaja yanabana pande zote mbili, na pa kuweka miguu pamelazwa kwa pembe ili ujikaze kwa miguu badala ya kuning'inia kwenye hendeli. Ukiingia kona, pua inazama, ubavu unang'ata maji, na mwili wako unabaki palepale ulipoukalisha. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu majini. Ila ni chombo cha mtu mmoja anayejua anachofanya. Ukitaka kutembea nacho taratibu huku umempakia mtu nyuma, utaona hakikukusudiwa kazi hiyo.

Ultra 310 ni tabia nyingine kabisa. Ni kubwa, ikiwa na mafuta inakaribia nusu tani, na tumbo lake lina umbo la V lenye kina, nyuzi 22.5. Kwenye mawimbi ya bahari iliyochafuka inapasua tu, wala hairukiruki. Tangi lake ni lita 80. Mtu wa safari ndefu achukue hiyo na asiendelee kusoma. Mimi nyingi ya safari zangu ni fupi, za kwenda na kurudi huku nakata kona, na uzito ule nauona mzigo, hasa wakati wa kuipandisha kwenye trela.

GP1800R ikaangukia katikati, na katikati ndiko ninakoishi. Silinda nne, ujazo wa injini sisi (cc) 1812, na bodi ya NanoXcel2 ambayo ni nyepesi. Tumbo lake lilichorwa upya mwaka 2021. Kwenye maji yenye vijiwimbi vifupi vilivyosongamana, vile vinavyochosha magoti kuliko wimbi kubwa, naiona inakaa sawa bila kupigapiga. Kona inakata vizuri, ingawa utajishika zaidi kwa mikono kuliko kwenye RXP-X.

Breki zote wanazo siku hizi. Sea-Doo walianza na iBR mwaka 2009, Yamaha wana RiDE, Kawasaki wana KSRD. Zote kazi yake ni ileile: mlango mdogo unashuka nyuma ya pampu, ile inayorusha maji nyuma ili chombo kiende, na kuyarudisha maji mbele. Unavuta kishikio cha mkono wa kushoto, chombo kinapungua mwendo, ukiendelea kuvuta kinarudi nyuma. Kwa anayeanza, hili lina maana kuliko farasi wote niliowataja, kwa sababu jetski isiyo na breki ukiachia mafuta haikati kona tena. Usukani unageuka, chombo kinaendelea kule kilikokuwa kinaelekea. Watu hugonga gati kwa sababu hiyo, maana mtu akiogopa huachia mafuta kwanza.

Matunzo nayo yaingie kwenye hesabu. Yamaha inapoza injini kwa maji ya nje, yale unayoyapita. Rotax injini yake inapozwa kwa kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, inayozunguka ndani, jambo zuri kwa wanaokaa kwenye maji ya chumvi, ingawa ekzosi bado inapitisha maji ya nje na bado utaisafisha. Utaratibu wa kusafisha ndio wengi wanaukosea: washa injini kwanza, halafu fungulia mpira wa maji baridi. Ukimaliza, funga maji kwanza, piga mafuta kidogo kuyatoa yaliyobaki, kisha zima. Ukigeuza mpangilio huo maji yanajaa kwenye ekzosi na yanaweza kurudi mpaka kwenye silinda. Hapo huna jetski, una bili.

Ukinunua iliyotumika, uliza saa za injini na habari za supachaja kabla ya kuangalia rangi. Rotax za zamani zenye supachaja zilikuwa na pete ndogo (washa) za kauri kwenye klachi yake, na zikivunjika vipande vinaingia kwenye oili. Chungulia pia impela, panga linalosukuma maji ndani ya pampu: kingo zikiwa zimelika kwa mchanga, itaunguruma sana na kuondoka kivivu, hata kama karatasi zinasema farasi 300.

Na vaa suruali ya mpira ya kupigia mbizi, mwenye chombo na uliyempakia. Watu wanaona aibu kulisema, lakini mtu akianguka nyuma ya pampu, yale maji yanaweza kuingia mwilini kwa nguvu na kumjeruhi vibaya sana. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi kabla hujawasha.

Tangi langu ni lita 70, na kidole kikikaa mwisho muda wote linaweza kukauka ndani ya saa moja hivi. Sijali. Ila kama ningekuwa nazunguka maboya ya mashindano tu, ningechukua RXP-X leo jioni.