Petroli ya methanoli au ya Fischer-Tropsch?
Njia hizi mbili za kutengeneza petroli huanza na gesi sanisi, yaani kaboni monoksidi na hidrojeni. Fischer-Tropsch, ya Ujerumani ya miaka ya 1920, hutoa mchanganyiko mpana, kuanzia gesi hadi nta. Ukitaka dizeli, ishike hiyo.

Kwa petroli, mimi nachagua methanoli: gesi hugeuzwa kwanza kuwa methanoli, aina ya alkoholi, kisha petroli. Kichocheo chake ni ZSM-5, aina ya zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo; vitundu hivyo ni vyembamba mno kupitisha molekuli zenye kaboni zaidi ya kumi hivi, kwa hiyo kinachotoka ni petroli karibu tayari. Ila zaidi ya nusu ya uzito wa methanoli huishia kuwa maji, na dureni, hidrokaboni inayotokea humo, ikizidi huganda ikaziba kabureta. Nyuzilandi ilianza kutengeneza petroli hii 1985, kisha ikaacha: methanoli yenyewe ililipa zaidi.