Usafiri wa Mwanza: daladala, boda na kivuko, nawapa 6 kwa 10

Nianze na kinachofanya kazi, maana watu wa Mwanza tukianzaga kulalamika hatumalizi. Ukikaa karibu na lami kubwa usafiri upo, tena upo kweli. Barabara zinazoubeba mji ni tatu tu, Kenyatta inashuka Mkuyuni, Butimba, Nyegezi mpaka Buhongwa, Nyerere inapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato mpaka Igoma na Kisesa, na Makongoro inaenda Kirumba, Pasiansi mpaka Airport. Asubuhi pale kituoni Hiace zinafuatana hata hujamaliza kufunga vifungo vya shati, na nauli ni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ile ya kilomita 10 za kwanza iliyotoka 500 ikaenda 600 Disemba 2023. Kutoka Nyegezi hadi mjini kwa hela hiyo sina neno kabisa.

Shida inaanza ukishashuka. Mji wetu ni mawe na milima na watu tumejenga huko huko juu, sasa Hiace haipandi kule, inakuacha chini, na hapo chini boda wamepanga mstari wanakuangalia tu kwa upole maana wanajua huna ujanja. Daladala umelipa 600 kwa kilomita zote zile, afu boda anataka 1000 kwa kipande ambacho ukirusha jiwe linafika, na mvua ikinyesha anakwambia buku mbili bila hata kupepesa macho. Piga hesabu ya mtu wa kawaida tu anayekaa mlimani, kwenda na kurudi ni 3200, zidisha kwa siku 26 za kazi inakuja 83,200. Kwa mwezi. Na zaidi ya nusu ya hela hiyo imeliwa na kile kipande kifupi. Ndo maana jioni unaona watu wanapanda mlima kwa miguu na mfuko wa unga kichwani, usidhani ni mazoezi.

Halafu kuna hii tabia ya kukatisha ruti. Gari ubavuni imeandikwa Kisesa, umepanda mjini, umebanwa mpaka umejikunja, mkifika Igoma konda anagonga bati, "mwisho hapa, gari inageuza". Sababu yake inajulikana, dereva ana hesabu ya bosi, yaani hela ya kumpelekea mwenye gari, mafuta ni juu yake na kinachobaki ndo chake na konda, na jioni abiria wamejaa mjini siyo Kisesa, so kwake ni bora ageuze mapema akapakie tena kuliko kwenda mwisho na watu nane. Namwelewa kabisa, ila mimi nimelipa mpaka mwisho. Juzi kati konda mmoja akamwambia bimkubwa mwenye kapu la nyanya, "mayu shuka, ndo mwisho hapa" (mayu ni mama kwa Kisukuma), mama wa watu hata hakusogea, akasema "ng'wanawane, mwanangu, hapo nje umeandika Kisesa, kusoma najua". Gari zima tukacheka. Konda akaona aibu akamrudishia hela yake, ya yule mama peke yake lakini, sisi tuliocheka tukashuka tukalipa gari nyingine.

Wanafunzi ndo usiseme. Nauli yao 200, basi konda akiona sare kituoni anajifanya hajaona, gari inasimama mbele kidogo wakubwa wanapanda na watoto wanabaki wanakimbia na mabegi. Hili linanikera kuliko yote.

Stendi mpya za Nyegezi na Nyamhongolo ni nzuri, safi, sina la kuongeza isipokuwa zipo pande tofauti za mji, ukitoka Musoma na unaenda Geita jipange na mizigo yako.

Sasa tuje kwenye maji, hapa ndo roho yangu ilipo. Kivuko cha Kamanga, kinachovuka kwenda upande wa Sengerema, ndo usafiri wenye heshima kuliko wote mjini kwetu. Unaondokea mjini kabisa, jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, liko pale pale unaliona, magari yanaingia kwanza, kisha sisi wa miguu na kuku na matenga, unapanda juu unakaa kwenye upepo na hakuna mtu wa kukwambia sogea kidogo kuna siti. Kwa wa Sengerema barabara nayo imebadilika, daraja la Kigongo-Busisi lenye kilomita 3 lilifunguliwa 19 Juni 2025, pale palipokuwa na foleni ya kivuko ya kulala njaa sasa unapita kwa dakika chache. Mimi bado Kamanga naipanda, nikiwa sina haraka.

Kinachonishangaza ni kwamba ziwa lote lile tunalitumia kwa sato na kupigia picha. Luchelele iko ufukweni, Igombe iko ufukweni, Bwiru iko ufukweni, na wote wanabanana kwenye lami zile zile tatu. Boti za abiria za uhakika zingepunguza msongamano, ila ziwe na maboya na idadi ya watu iheshimiwe, maana baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama pale kisiwa cha Ukara Septemba 2018 na kuondoka na watu zaidi ya 220, kanda hii mtu akipanda chombo anahesabu vichwa kwanza. Sidai treni ya umeme kama waliyofungua Addis Ababa 2015, wala mwendokasi ya Dar. Nadai boti, na konda anayefika mwisho wa ruti.

Wageni mnaokuja: kabla hujapanda muulize konda "unafika mwisho?" na umuulize kwa sauti watu wasikie, beba sarafu maana chenji huwa zinasahaulika, ukiwa na mzigo mkubwa kaa mbele. Usiku baada ya saa nne Hiace zinapungua sana, hapo ni bajaji au boda, na bei mkubaliane ukiwa bado umesimama chini.