Tochi ya kukimbilia alfajiri: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kuna mtaro karibu na kwangu, Mbezi Beach, ambao Jumatatu ulikuwa na mfuniko wa zege na Jumatano haukuwa nao. Jumatano hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, niliuingia mguu mmoja hadi pajani. Mwanga nilikuwa nao: tochi ya simu ilikuwa inawaka mkononi. Tatizo mkono wa mtu anayekimbia hautulii. Unakwenda mbele, unarudi nyuma, na mwanga unaufuata. Unamulika ukuta, unamulika mti, na pale unapokanyaga unapamulika kwa kubahatisha.

Kusubiri kukuche nako haiwezekani. Jua la Dar huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na saa kumi na mbili na nusu na ushei, kutegemea mwezi, na mtu anayetakiwa kuwa kazini saa mbili, na foleni ile, hana pa kulisubiria. Kwa hiyo nimenunua tochi nne, nikazikimbilia zote, nikagawa mbili. Nazipanga kwa jinsi ambavyo ningekununulia wewe.

Kwanza tumalize suala la lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, maana ndilo wauzaji wanalolishikilia. Kijana mmoja Kariakoo alinishikisha tochi ya kichwani yenye boksi lililoandikwa lumeni 90,000. “Hii bosi, ukiwasha hapa wanaona Kigamboni.” Sasa balbu ya haloji ya H7, iliyo kwenye taa za magari mengi tu, hutoa takriban lumeni 1,500. Kwa hesabu ya boksi lile ningekuwa nimevaa balbu sitini za gari kwenye paji la uso. Kwa lami unayoijua, lumeni 100 hadi 200 zinatosha. Kwa barabara ya vumbi yenye makorongo, tafuta 300 au 400. Zaidi ya hapo unalipia mwanga unaokula chaji na kuwapofusha wenzako wa jogingi kila unapogeuka kuwasemesha.

Ya kwanza: tochi nyepesi ya kichwani, ya kuchaji

Iwe chini ya gramu 100, betri yake ikiwa humo humo mbele na si kwenye kiboksi kinachoning'inia kisogoni. Wafaransa wa Petzl wana Bindi, ambayo ina gramu 35 na lumeni 200, ukishaivaa unaisahau. Wana pia Actik Core ya gramu 88 na lumeni 600 hivi, ambayo ukitoa betri yake ya kuchaji inakubali betri tatu za AAA, zile ndogo za rimoti. Kwa nyumba ambayo LUKU huisha usiku, hilo ni jambo kubwa. Si lazima ununue jina hilo. Shika sifa zenyewe: uzito mdogo, mkanda wa kurekebishika, kitako kinachoinamishwa ili mwanga uanguke hatua tano au sita mbele yako.

Nikishakushauri uinunue tochi ya kichwani, nakushauri pia usiivae kichwani kila siku. Ikiwa kwenye paji, mwanga unatokea karibu kabisa na macho, hivyo kivuli cha jiwe kinaangukia nyuma ya jiwe lenyewe, usikokuona. Barabara yote inalala bapa kama picha, na shimo linafanana na doa la oili. Ishushe tochi hiyo hiyo kiunoni, uone. Kila kokoto inarusha kivuli kirefu, na ukingo wa shimo unajichora mweusi. Jaribu leo usiku uani: weka kandambili chini, rudi nyuma hatua tano, imulike tochi ikiwa kwenye paji, kisha ikiwa kitovuni. Mara ya pili utadhani kandambili imeota urefu.

Kiunoni kuna faida nyingine. Kwenye ukungu wa Lushoto au Njombe, mwanga wa kichwani hugonga vitone vya maji na kukurudia machoni kama pazia jeupe; wa kiunoni unapita chini ya usawa wa macho. Na mvua zikianza, kumbikumbi huufuata mwanga. Ukiwa nao kwenye paji na mdomo wazi kwa kuhema, utakula kabla ya chai. Mkanda wa kichwani mara nyingi hautoshi kiunoni, kwa hiyo mimi naubana kwenye mkanda wa pochi ninayobebea ufunguo. Lami nzuri naivaa kichwani, njia ya panya naishusha.

Ya pili: taa ya kifuani

Hii inavaliwa kama mkoba wa mtoto wa chekechea, mikanda mabegani, taa kifuani, na nyingi zina taa nyekundu mgongoni. Vivuli inavionyesha karibu sawa na ya kiunoni. Ningeiweka ya kwanza isipokuwa kwa mambo mawili: mikanda inalowa jasho mpaka inanuka, na ikilegea kidogo mwanga unaruka kwa kila hatua. Kwa Dar bado sijaizoea. Kwa mtu wa Iten au Mbeya, anayekimbia na koti asubuhi, huenda ndiyo bora kuliko zote.

Ya tatu: ya kichwani ya betri za AAA

Inapatikana kirahisi, na betri zake ziko hata dukani kwa Mangi. Ubaya wake ni kwamba mwanga hufifia polepole kadiri betri zinavyochoka, nawe hutambui mpaka uko gizani. Inafaa kukaa nyumbani kama akiba.

Ya nne: tochi ya mkononi. Mwanga mzuri, ila shida ya mkono wangu na simu ni ile ile. Sifa yake moja ni mbwa: mbwa wa mitaani akimulikwa usoni mara nyingi husita.

Za kuacha

Simu, kwa sababu umeshanisikia, na kwa sababu kibaka naye anaona kitu kinachong'aa mkononi mwako. Na zile tochi kubwa za wachimbaji wadogo, zenye betri kisogoni. Mchimbaji anatembea na kuinama, harukiruki. Ukikimbia nayo inakushuka puani ndani ya mita mia. Nyingi huja na seli za 18650, zile betri nene za kuchaji, zilizoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Seli halisi za ukubwa huo zinazouzwa kawaida huwa kati ya 2,000 na 3,600.

Ukiwa dukani

Ivae na uruke mara kumi, wacha watu wakucheke. Bonyeza swichi kwa kidole kilicholowa. Iwashe kwenye mwanga wake mdogo, kisha iangalie kupitia kamera ya simu: ukiona mistari inatembea kwenye kioo, mwanga huo unapepesa, na nusu saa ya kukimbia nao inachosha macho. Uliza chaji ya USB-C, ili utumie waya wa simu.

Saa zilizoandikwa kwenye boksi zipunguze kichwani mwako. Kwa ANSI FL1, kipimo cha tochi ambacho kampuni nyingi kubwa hukifuata, muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 400 inahesabiwa kuwa bado inawaka ikiwa na 40. Kuhusu maji, tochi yenye alama ya IPX4 inahimili kurushiwa maji kutoka pande zote, inatosha jasho na masika. IPX7 ni ya kuzama mita 1 kwa dakika 30, na ukifika huko hukimbii tena, unaogelea.

Pesa ikibaki, nunua kitaa chekundu cha kubana nyuma ya kaptula, na riflekta kama ya bodaboda. Tochi ya mbele inakuonyesha njia, lakini dereva anayekuja nyuma haioni. Hata hivyo kimbia upande wa kulia, ukiyatazama magari, na inamisha tochi yanapokaribia.

Mtaro wangu bado uko wazi. Mtu amechomeka tawi la mwarobaini kuwaonya wapita njia, nami tochi ikiwa kiunoni nauona uvuli wa majani yake kabla sijaliona tawi lenyewe.