Busta ya mapanki: mnanaa umeshukuru, mshubiri umenyamaza

Busta hii, mbolea ya maji ya kupulizia majani, nimeinunua shilingi 6,000 kwa lita, kwenye duka moja la pembejeo hapa Mwanza. Chupa ni ya maji ya kunywa, imeandikwa kwa maka: "Busta asilia, samaki." Kijana wa dukani akanieleza, "Mama, ni mapanki yamechachushwa na molasi." Nikacheka. Mapanki, mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, tunayakaanga, leo niyapulizie mnanaa?

Bustani yangu ni viroba 23 juu ya mawe, Nyegezi. Nauzia akina mama wa chai mnanaa, mchaichai na kivumbasi. Mshubiri ni wa nyumbani.

Kwanza, uvundo. Kizibo kilipofunguka gesi ilipiga mluzi, mjukuu wangu akakimbilia ndani, na paka wa jirani akahamia kwenye viroba siku mbili. Pili, kipimo hakikuandikwa popote. Nilikadiria kwa jicho, nikazidisha, kingo za majani ya mnanaa zikaungua kama karatasi. Tatu, vipande vya magamba viliziba nozeli ya bomba, nikaishia kuchuja kwa kipande cha kanga kuukuu.

Nilipotulia kwenye nusu kizibo kwa lita ya maji, kila baada ya siku kumi, mambo yakabadilika. Napuliza saa kumi na mbili asubuhi kabla mawe hayajashika moto, na nageuza nozeli juu ili dawa ifike chini ya jani, kwenye vitundu vingi vya kupumulia. Baada ya mara ya tatu mnanaa ulikuwa kijani cha kuiva, majani mapana. Kivumbasi nacho kikachangamka. Mshubiri wala: matone yanateremka juu ya ile nta yake kama mvua kwenye bati. Mchaichai umependa zaidi samadi ya mbuzi shinani.

Nikanogewa, nikawa napuliza kila wiki. Mteja wangu akanusa fungu, akalirudisha. "Dada, mnanaa wako umenenepa, ila haunukii." Kweli kabisa, ukiishibisha naitrojeni ya busta hii, mimea ya harufu huota majani na kupoza makali yake. Sasa naacha kupuliza wiki mbili kabla ya kuvuna, na kila fungu naliosha mara mbili, maana hakuna anayetaka chai ya sangara.

Nyota tatu kati ya tano. Nilirudi kununua ya pili, nikamwambia kijana wa dukani, "Mwanangu, andika basi kipimo." Akanipa maka niandike mwenyewe.