Kasi ya faiba nzuri, lakini neno la siri la Wi-Fi wameniwekea namba yangu ya simu!

Kampuni hii ya intaneti, kwa kasi sina ugomvi nayo. Nafanyia kazi nyumbani Sinza na mikutano ya video haikwami hata jioni. Nilitaka kuwapa nyota nne.

Sasa sikieni. Fundi alipomaliza kufunga ruta, Wi-Fi kaipa jina langu pamoja na namba ya fleti, na neno la siri kaweka namba yangu ya simu. Namba hiyo kila bodaboda aliyewahi kuniletea mzigo anayo! Hata asiyenayo hapati shida. Namba zetu za simu Tanzania zina tarakimu 10 na zinaanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki 8 za kubahatisha, yaani namba zisizozidi milioni 200. Mtu aliye ghorofa ya chini ananasa mawasiliano ya mwanzo simu yako inapojiunga na ruta, anaondoka nayo, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inazijaribu zote kwa dakika chache tu.

Nikafungua 192.168.1.1, ukurasa wa mipangilio ya ruta. Jina admin, neno la siri admin. WPS, njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi bila kuandika neno la siri, imewashwa. PIN ya WPS ina tarakimu 8, ila ruta inaikagua kwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho inatokana na zile za mbele, hivyo majaribio hayazidi 11,000. Udhaifu huu unajulikana tangu 2011! Na atakayeingia humo habadilishi jina la Wi-Fi, anabadilisha DNS, mfumo unaoiambia kompyuta tovuti iko wapi: unaandika anwani ya barua pepe ya ofisi, unapelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti cha usalama cha tovuti, usibonyeze kuendelea. Funga.

Fundi simlaumu sana, nyumba za kufunga kwa siku ni nyingi. Hapana, namlaumu, maana kubadilisha admin hakuchukui hata dakika mbili.

Nikarekebisha mwenyewe: ulinzi wa Wi-Fi nikauweka WPA3, ulio mpya zaidi, na kwa laptopu isiyoikubali WPA2 yenye usimbaji wa AES, neno la siri la maneno matano yasiyohusiana, WPS nikazima, usimamizi wa mbali nikazima, runinga na simu za wageni nikazihamishia kwenye mtandao wa wageni, laptopu ya kazi ikabaki peke yake.

Haikupita muda intaneti ikasumbua, nikapiga huduma kwa wateja. Wakairiseti ruta kutoka kwao, kwa mfumo wao. Intaneti ikarudi, na takataka zote zikarudi nayo: namba ya simu, admin, WPS. Nikapiga tena kuuliza kwa nini wanafuta mipangilio ya mteja bila kumwambia. Dada aliyepokea akanijibu, "Dada, Wi-Fi si inashika? Hayo mengine ya wataalamu." Kisha akaniambia nimsomee neno la siri jipya ili aliingize kwenye mfumo wao. Kwa simu! Kila siku tunaonywa tusimtajie mtu namba ya siri, halafu mtoa huduma mwenyewe anawazoesha wateja kuitaja.

Kwa aliyekwama kama mimi, dawa ni ruta yako mwenyewe. Chomeka kebo kutoka tundu la LAN (la kuunganishia vifaa vya nyumbani) la ruta yao hadi tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la yako, kisha zima Wi-Fi ya kwao. Anwani zisifanane: yao ikiwa 192.168.1.1, yako iweke 192.168.50.1, la sivyo hazitaelewana. VPN ya ofisi yangu, ile njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi, inapita bila shida. Wakiriseti ya kwao, Wi-Fi yao itawaka tena na utaiona kwenye orodha ya simu. Usijiunge nayo, izime upya.

Kwa hiyo nalipia intaneti kila mwezi na bado nimenunua ruta ya pili ya kujikinga na aliyeniuzia. Nilikuwa nimefika nyota mbili kwa ajili ya kasi. Nikikumbuka lile "si inashika?", nawapa moja.