Nimelipa elfu kumi kutolewa stika, nimerudi na mikwaruzo na matusi

"Mama, kapime macho." Nimeambiwa hivyo na fundi niliyemlipa kwa hela yangu, mbele ya vijana wake, na vijana wakacheka. Ni wiki kadhaa sasa. Nilidhani hasira itashuka, haijashuka, ndiyo maana naandika.

Gari ni Toyota IST, nimelinunua mkononi mwa mtu. Huyo bwana alilipenda gari lake na mapenzi yake yote aliyamalizia kwenye vioo. Juu ya kioo cha mbele, kwa nje, herufi kubwa nyeupe za vinaili zilizobandikwa moja moja: WATASEMA MCHANA USIKU WATALALA. Kwa ndani, pembeni, stika za bima za miaka na miaka zimepandana kama mabango ya uchaguzi ukutani. Rodi laisensi ilikuwepo, ile ada ya gari ya kila mwaka ambayo serikali iliifuta kwenye bajeti ya 2017/18 ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Yaani mafuta nalipia na karatasi yake bado inaniangalia. Kulikuwa na ya usalama barabarani, ile ya Nenda kwa Usalama, iliyopauka haisomeki, na nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma kile kistika cha ukaguzi cha Japani, kama vile kuna trafiki wa Tokyo atanisimamisha Mbagala.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Mtoto wa darasa la pili ukimpa kitabu atasoma kwa kudodosa, lakini maandishi ya kwenye gari la mwalimu anayasoma bila kukwama. Kila asubuhi nikiingia getini napokelewa na kwaya: "Wataseeema mchana!" Mwalimu mkuu hakusema kitu, aliangalia tu, na mnajua kuangaliwa kulivyo. Halafu baba mkwe akaja kwa matibabu kutoka Singida, nikaenda kumpokea stendi ya Mbezi. Mzee wa watu akasimama mbele ya gari na mfuko wake wa alizeti, akasoma mstari wote kwa sauti, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, ni akina nani hao wanaosema?"

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mitaa ya Gerezani, anabandika stika na tinti. Nikajiambia anayejua kubandika ndiye anayejua kubandua. Alitaka ishirini, tukashuka hadi kumi. Labda hapo ndipo nilipokosea. Hapana, sikukosea, bei alikubali mwenyewe.

Nitende haki kwanza. Kazi ya ndani ilifanywa na kijana wake mmoja mdogo, amenisalimia shikamoo na kunitafutia stuli nikae. Alizilowesha zile karatasi kwa maji ya sabuni, akazifunika na gazeti lililolowa, akaziacha. Alipolifunua gazeti akapitisha wembe umelala kabisa, kioo kikiwa na maji muda wote. Bima za miaka yote zikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kioo cha nyuma kilikuwa na stika kwa ndani pia, na hapo wembe akauweka pembeni. "Mama, hii mistari ni waya za kuondoa ukungu, nikikata mmoja nimekuharibia." Akaazima draya saluni ya jirani, akaipasha moto stika, akaivuta kwa kucha taratibu, ikatoka nzima. Kama ningekuwa nampima yeye peke yake ningempa nyota tano na ya sita ningeichora mwenyewe.

Bosi wake akasema herufi za nje ni kazi yake.

Vinaili ikikaa juani miaka inakauka, inakuwa kama ganda la yai. Ukivuta kwa nguvu inakukatikia vipande vya ukubwa wa ukucha, gundi inabaki. Inataka joto, gundi ilegee. Sasa jamani, ilikuwa saa saba mchana Kariakoo! Joto lilikuwa la bure! Yeye akavuta tu, huku anaongea na simu aliyoibana begani. Vinaili ikaisha, zikabaki herufi za gundi, umbo lilelile. Akachukua stili waya, ile ya kusugulia masufuria, iliyokuwa chini kwenye vumbi. Hakuisuuza. Akaanza kusugua kikavu, mizunguko mizunguko, upande wa dereva.

Nikasema, "Kaka, hiyo si itakwaruza?"

"Kioo kigumu, mama, hakikwaruzwi na waya."

Waya labda. Na mchanga uliomo ndani ya waya? Mchanga unakwaruza kioo, hilo hata watoto wangu wanalijua, wanafanya kwenye madirisha ya darasa. Alipomaliza WATASEMA MCHANA hakuishia hapo, akashuka nayo hadi usawa wa macho yangu, eti ananing'arishia. Nikapiga kelele. Akaiacha, akanuna, na upande wa pili hakuugusa tena. Kesho yake vumbi lilikuwa limeshika kwenye gundi na gari langu linasomeka vizuri kabisa: USIKU WATALALA. Peke yake. Bila watu kusema mchana. Nadhani mnaelewa lilivyosikika kwa baba mkwe.

Mikwaruzo yenyewe sikuiona mchana. Niliiona usiku, Barabara ya Morogoro, lori linakuja mbele yangu, taa zake zikapasuka kwenye kioo kama utando wa buibui. Nikapunguza mwendo, daladala nyuma inanipigia honi, konda ananiambia maneno.

Nikarudi kwa fundi. Kwanza "ulikuja nayo hiyo." Halafu "ni waipa zako." Nikamwonyesha mizunguko, waipa gani inazunguka duara? Ndipo akasema la macho, wakacheka. Yule kijana wa draya hakucheka, aliangalia chini. Hela sikudai. Ningesemewa "pole mama" ningeondoka, naapa, na hapa msingesoma kitu.

Fundi vioo wa mahali pengine alipitisha ukucha kwenye mkwaruzo, ukakwama. Akasema ukikwama hivyo hakuna dawa, wakisaga kioo kitakuwa na mawimbi, ukiendesha barabara inacheza. Kubadilisha ni laki na ushee. Kwa sababu ya elfu kumi.

USIKU WATALALA nimeitoa mwenyewe, Jumamosi, nyumbani. Gari juani, mafuta ya kupikia juu ya gundi wakati navunja nazi na kuikuna, kitambaa, sabuni ya vyombo, kwisha. Hata wembe sikuuhitaji. Nililia kidogo, kwa hasira ya jinsi ilivyokuwa rahisi.

Sasa kuna jambo moja nilitaka kulificha. Nilienda kupima macho. Si kwa ajili yake, kazini kulikuwa na upimaji. Nikaambiwa nahitaji miwani, hasa ya kuendeshea usiku. Siku mbili sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nikaanza kufikiri pengine nimemwonea yule kaka, pengine utando wa buibui ulikuwa machoni mwangu, na kama huu ujumbe ningekuwa nimeshauandika ningeufuta. Nyota moja niliyokuwa nimempangia bosi nikaipandisha kichwani ikawa mbili, ikawa tatu.

Juzi miwani imetoka. Jioni nikaivaa nikaingia barabarani. Kweli, taa zimetulia, mabango nayasoma kutoka mbali, sikujua usiku una vitu vingi hivyo. Nikafika foleni ya Ubungo, lori likasimama limenielekea, limewasha taa zote, na mikwaruzo nikaiona sasa mmoja mmoja, duara kwa duara, hadi pale alipopumzisha mkono ili abadilishe sikio la simu. Ni mingi kuliko niliyokuwa nikiiona bila miwani.